Mtaka Yote: Somo Kuhusu Maombi ya Taarifa Yaliyo Mapana Kupita Kiasi

Somo la leo linawahusu watu wawili wanaokutana mara kwa mara katika ofisi za Serikali, na mara nyingi wakaachana bila ya kuridhiana. Wa kwanza ni mwananchi anayefika na barua ya kuomba taarifa. Wa pili ni mtumishi anayeipokea barua hiyo, akaisoma, akatazama makabati ya masjala yake, na kuona kuwa hata akifanya kazi usiku na mchana hawezi kutimiza alichoombwa. Barua inasema: "Naomba nyaraka zote." Mtumishi anajibu: "Haiwezekani." Mwananchi anatoka akiamini kuwa amefichwa jambo, na mtumishi anabaki akiamini kuwa amekerwa bila ya sababu. Yawezekana wote wawili wamekosea.

Madhumuni ya somo hili ni kueleza lini ofisi ya umma ina haki ya kulikataa ombi kwa sababu ya upana wake, ni wajibu gani unaobaki juu ya ofisi hata baada ya kukataa, na mwombaji aandike vipi ili apate anachokihitaji. Wasomaji wanaombwa kulisoma hadi mwisho na kujibu maswali ya mazoezi.

1. MSINGI WA HAKI

Haki ya mwananchi kujua mambo ya Serikali yake si jambo jipya duniani. Sweden ilitunga sheria ya kuwaruhusu raia kuzisoma hati za dola mwaka 1766. Marekani ilipata sheria yake mwaka 1966. Uingereza ilipitisha Sheria ya Uhuru wa Taarifa mwaka 2000, ikaanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Januari 2005. Katika eneo letu, Uganda ilitunga sheria yake mwaka 2005, na Kenya ikafuata mwaka 2016, miaka sita baada ya Katiba yake ya 2010 kuitaja haki hiyo katika kifungu cha 35. Tanzania Bara nayo ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016, inayomtaka mwenye taarifa amjibu mwombaji mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote si zaidi ya siku 30.

Sheria hiyo ya 2016 inahusu Tanzania Bara. Kwa upande wa Zanzibar, mtumishi na aanzie katika Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, kifungu cha 18. Kifungu hicho kinampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari na fikra, na kinampa kila raia haki ya kupewa habari wakati wote kuhusu matukio yenye umuhimu kwa maisha na shughuli za wananchi, na kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Kwa hivyo mtumishi anayepokea barua ya kuomba taarifa asidhani kuwa anaombwa hisani. Anaombwa kitu ambacho Katiba imeshakitaja.

Hata hivyo, hakuna nchi iliyoifanya haki hii kuwa haina mipaka. Mipaka iko ya namna mbili, na ni muhimu mno isichanganywe. Namna ya kwanza ni mipaka ya siri: usalama wa nchi, faragha ya mtu binafsi, uchunguzi wa jinai unaoendelea, na mengineyo. Namna ya pili ni mipaka ya uwezo: taarifa si siri, lakini kuitafuta na kuikusanya kungeifanya ofisi iache kazi nyingine zote. Somo hili linahusu namna ya pili pekee. Mtumishi anayesema "ni nyingi mno" huku moyoni akimaanisha "ni siri" anamdanganya mwananchi, naye akiulizwa mbele ya rufaa hataweza kujitetea.

2. OMBI PANA NI OMBI LA NAMNA GANI?

Maombi yanayoitwa mapana yana sura tatu, na kila moja ina dawa yake.

(a) Ombi lisiloeleweka. Mwombaji anaandika: "Nataka habari za ardhi." Ofisi haijui ni ardhi ipi, ya mwaka gani, wala ni habari za aina gani. Ombi kama hili halistahili kukataliwa. Linastahili kuulizwa. Nchini Marekani sheria inamtaka mwombaji aeleze hati anazozitaka kwa kiasi kinachomwezesha mtumishi kuzitafuta, na nchini Kenya sheria inamtaka atoe maelezo ya kutosha ili mtumishi afahamu kinachoombwa. Maana yake ni kwamba mwombaji si lazima ajue namba ya jalada, lakini ni lazima ajue anataka nini.

(b) Ombi linaloeleweka lakini ni kubwa. Mwombaji anaandika: "Nataka barua zote zilizoandikwa na idara yenu tangu ilipoanzishwa." Hapa hakuna utata wowote, kwani mtumishi anaelewa kabisa. Tatizo ni saa za kazi. Hili ndilo ombi pana hasa.

(c) Ombi la kukera. Mwombaji aliyekwisha kujibiwa anarudia jambo lile lile mara nyingi, au anaandika kwa lengo la kuwachosha watumishi. Sheria ya Uingereza, katika kifungu cha 14, inairuhusu ofisi isilitimize ombi la namna hii, lakini inaweka sharti moja ambalo kila mtumishi alikariri: kinachopimwa ni ombi, si mtu. Mwananchi mwenye maneno makali anaweza kuleta ombi la haki, na mwananchi mpole anaweza kuleta ombi la kukera. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilieleza mwaka 2015 kuwa kipimo cha mwanzo ni kutazama kama ombi halina msingi wowote wa maana. Hiki ni kipimo kigumu kukifikia, na inafaa kiwe kigumu.

3. WENZETU WANAPIMA VIPI?

Neno "kubwa" halina maana mpaka lipewe kipimo. Ofisi yenye watumishi mia na ofisi yenye watumishi watatu hazilioni jambo moja kwa jicho moja. Uingereza ililitatua suala hili kwa hesabu. Chini ya kifungu cha 12 cha sheria yake na kanuni za mwaka 2004, wizara na taasisi za Serikali kuu zinaweza kukataa ombi ikiwa gharama ya kulitimiza inazidi paundi 600. Taasisi nyingine za umma, kama vile halmashauri na skuli, kiwango chao ni paundi 450. Kila saa ya mtumishi inahesabiwa kwa paundi 25, bila ya kutazama cheo chake. Ukigawa utaona kuwa kiwango ni saa 24 kwa Serikali kuu na saa 18 kwa taasisi nyingine.

Kanuni hizo pia zinataja kazi zinazoruhusiwa kuingizwa katika hesabu. Nazo ni nne: kuthibitisha kama ofisi inayo taarifa, kuitafuta mahali ilipo, kuitoa, na kuichambua kutoka katika hati yenye mambo mengine. Muda ambao wakubwa wanautumia kutafakari kama wakubali au wakatae hauhesabiwi. Muda wa kufuta majina na mambo ya faragha nao hauhesabiwi chini ya kifungu hicho. Aidha, mtu mmoja, au watu wanaoshirikiana, wakileta maombi kadhaa juu ya jambo moja au yanayofanana ndani ya siku 60 za kazi, ofisi inaweza kuyajumlisha. Hivyo mwombaji hawezi kuligawa ombi la saa 100 katika barua kumi za saa 10 na kuzileta kwa siku moja.

Mfano unaotukaribia zaidi kwa ukubwa ni wa kisiwa cha Jersey, kilicho karibu na pwani ya Ufaransa. Kisiwa hicho kina Serikali yake, na sheria yake ya uhuru wa taarifa ya mwaka 2011 ilianza kutumika mwaka 2015. Kiwango walichojiwekea ni paundi 500, na kila saa inahesabiwa kwa paundi 40, yaani saa 12 na nusu. Fundisho lake ni kuwa Serikali ya kisiwa, yenye watumishi wachache, inaweza kuwa na kiwango kidogo kuliko cha nchi kubwa, lakini ni vyema kiwango hicho kiandikwe na kijulikane na wote. Kipimo kilichomo kichwani mwa mkubwa wa ofisi hakiwezi kuitwa kipimo.

Kenya imechukua njia nyingine. Sheria yake ya 2016 inampa mtumishi siku 21 za kujibu, na saa 48 tu ikiwa taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ombi likiwa la taarifa nyingi, au likihitaji kupekua nyaraka nyingi kiasi cha kuvuruga shughuli za ofisi, mtumishi anaruhusiwa kuongeza muda mara moja, kwa siku zisizozidi 14. Kwa maneno mengine, jibu la kwanza la sheria hiyo kwa wingi wa kazi ni muda zaidi. Marekani nayo, kwa marekebisho ya mwaka 1996, inaitaka ofisi iliyoelemewa impe mwombaji nafasi ya kupunguza upana wa ombi lake au kukubaliana juu ya muda mwingine.

Nchi hizi zinatofautiana katika hesabu, lakini zinakubaliana katika jambo moja: upana wa ombi ni jambo la kuzungumzwa na mwombaji kabla ya kuwa sababu ya kumfungia mlango.

4. KESI MOJA YA KUJIFUNZIA

Mwaka 2012 mwalimu mmoja wa zamani nchini Uingereza, aliyekuwa akifanya utafiti wa elimu, aliiandikia Wizara ya Elimu ya nchi hiyo. Wakati huo Serikali ilikuwa imeanzisha skuli za namna mpya, zinazoendeshwa na vikundi vya wananchi kwa fedha za umma. Mwalimu huyo aliomba fomu za maombi za vikundi vilivyotaka kufungua skuli, na barua za Wizara za kukubali au kukataa. Swali lake lilikuwa la maana sana: nani anakubaliwa, nani anakataliwa, na kwa vigezo gani?

Wizara ilikataa mwanzoni kwa hoja nyingine, isiyohusu wingi. Msimamizi wa sheria hiyo alipoamua kwa upande wa mwombaji, Wizara ikakata rufaa. Ndipo ikaja na hoja ya mzigo: fomu ni nyingi, zina kurasa nyingi, na kila ukurasa ungehitaji kusomwa ili kuondoa mambo ya watu binafsi. Mwaka 2014 baraza la rufaa la ngazi ya kwanza lilikubaliana na Wizara, na mwaka 2015 baraza la ngazi ya juu likaiacha hukumu hiyo isimame. Kwa vile kazi ya kufuta mambo ya faragha haihesabiwi katika kifungu cha 12, Wizara ilitegemea kifungu cha 14, kile cha maombi ya kukera. Kwa hiyo mtafiti aliyeuliza swali la haki, kwa lugha ya adabu, alijikuta ombi lake limewekwa katika fungu moja na ya wakorofi.

Yapo mafundisho matatu katika kesi hiyo. Kwanza, ofisi inaweza kushinda kisheria na bado ikapata hasara ya heshima, kwa kuwa wananchi wengi walilisikia neno "kukera" na hawakuisikia hesabu ya kurasa. Pili, hoja ya wingi ikiletwa mwishoni, baada ya hoja nyingine kushindwa, inafanana na kisingizio hata kama ni ya kweli. Kama mzigo ni mzito, na utajwe siku ya kwanza. Tatu, ombi lililo jema kwa nia linaweza kuwa zito kwa utekelezaji. Thamani ya swali haipunguzi idadi ya kurasa, na idadi ya kurasa haiondoi thamani ya swali. Kazi ya mtumishi ni kuvikutanisha viwili hivyo.

5. MFANO WA KAZI

Sasa na tuchukue mfano wa kubuni, usiohusu ofisi yoyote iliyopo. Ofisi ya huduma za maji ya wilaya inapokea barua hii kutoka kwa mkaazi:

"Naomba nyaraka zote zinazohusu maji katika shehia yetu tangu ofisi yenu ilipoanzishwa hadi leo, zikiwemo barua, mihutasari ya vikao, hati za malipo na mawasiliano yote ya barua pepe."

Mtumishi anayehusika anakwenda masjala. Anakuta majalada 240 yanayogusa shehia hiyo. Hawezi kusema "ni mengi" na kuishia hapo. Anachukua majalada 6 bila ya kuchagua, anayafungua, na anatazama saa. Kazi ya kuyapekua na kutoa karatasi zinazohusika inachukua saa 3, yaani nusu saa kwa kila jalada. Majalada 240 yatachukua saa 120. Kwa siku ya kazi ya saa 8, hizo ni siku 15 kamili za mtumishi mmoja asiyefanya jambo jingine lolote. Katika ofisi yenye watumishi wanne, maana yake ni kuwa bili hazitaandikwa, na mabomba yaliyopasuka yatasubiri.

Sasa mtumishi ana makisio. Mabaraza ya rufaa ya Uingereza yamekuwa yakisisitiza kuwa makisio ya namna hii yawe ya busara, yawe ya kweli, na yawe na ushahidi. Majalada sita yaliyopimwa kwa saa ni ushahidi. Kutikisa kichwa mbele ya kabati si ushahidi.

Kabla ya kuandika jibu, mtumishi anamwita mkaazi, au anampelekea salamu kwa sheha, na kumuuliza kwa upole: "Bwana, ni jambo gani hasa linalokusumbua?" Mkaazi anajibu kuwa miezi minane iliyopita pampu ya kisima cha shehia iliharibika. Wananchi waliambiwa kuwa mpya imenunuliwa, lakini hadi leo hawajaiona, na kina mama wanafuata maji mbali. Hapo ombi zima linabadilika. Mkaazi hakuwa na haja na barua za miaka thelathini. Alikuwa na haja na karatasi chache tu: ripoti ya fundi juu ya pampu iliyoharibika, hati ya ununuzi wa pampu mpya, hati ya kuipokea ghalani, na muhtasari wa kikao ambacho shehia iliahidiwa. Zote zimo katika majalada 9 ya miezi 18 iliyopita. Majalada 9 kwa nusu saa kila moja ni saa 4 na nusu, kazi ya asubuhi moja.

Msomaji azingatie jambo hili. Ombi la kwanza la mkaazi lingeweza kukataliwa kihalali, na pampu isingejulikana iko wapi. Kwa nini aliandika "zote"? Kwa sababu hakujua ofisi inaweka karatasi gani, na aliogopa kuwa akitaja moja atanyimwa nyingine. Mara nyingi upana wa ombi ni dalili ya kutoaminiana. Dawa yake ni mazungumzo, na anayepaswa kuyaanza ni mwenye funguo za kabati.

6. JIBU LA KUKATAA LIANDIKWE VIPI?

Zipo nyakati ambapo, hata baada ya mazungumzo, mwombaji anashikilia ombi lake lote. Hapo ofisi inaweza kukataa, lakini jibu lake liwe na mambo matano:

Kwanza, liwe la maandishi na liwe ndani ya muda. Kimya hakihesabiwi kuwa jibu.

Pili, litaje sababu halisi. Kama sababu ni wingi, isemwe ni wingi, na litajwe pia kama ofisi inayo taarifa hiyo.

Tatu, lioneshe hesabu: majalada mangapi, saa ngapi, na makisio yamepatikana vipi.

Nne, lieleze nini kinawezekana. Kifungu cha 16 cha sheria ya Uingereza kinaiwajibisha ofisi kumshauri na kumsaidia mwombaji kwa kadiri inavyostahiki. Kukataa pasipo kuonesha njia ni nusu ya kazi.

Tano, litaje haki ya mwombaji ya kutaka uamuzi uangaliwe upya, na mahali pa kupeleka lalamiko lake.

Mfano wa jibu ni huu:

"Tafadhali rejea barua yako uliyotuletea kuhusu nyaraka za maji katika shehia yako. Ofisi inathibitisha kuwa inazo nyaraka hizo, na kwamba si za siri kwa ujumla wake. Hata hivyo, zimo katika majalada 240. Baada ya kuyapima majalada 6, tumekisia kuwa kazi yote itachukua saa 120, muda ambao ofisi haiwezi kuutoa bila ya kusimamisha huduma kwa wananchi wengine. Kwa sababu hiyo tunasikitika kuwa hatutaweza kulitimiza ombi lako kama lilivyo. Tunapendekeza utaje kipindi kisichozidi miaka miwili, au aina moja ya hati, na tumeambatanisha orodha ya vichwa vya majalada ili ikusaidie kuchagua. Ukipendelea, fika ofisini siku yoyote ya kazi na mtumishi wetu atakusaidia kuandika ombi jipya. Iwapo hukuridhika na uamuzi huu, una haki ya kumwandikia Mkuu wa Taasisi ili auangalie upya. Ahsante."

Ofisi isipekue hadi saa zake zikaishia kisha ikampa mwombaji chochote kilichopatikana bila ya kumshauri. Kufanya hivyo kunamnyima nafasi ya kuchagua kilicho muhimu kwake. Huenda saa zote zikatumika kwenye barua za zamani, na hati aliyoihitaji ikabaki kabatini.

7. NASAHA KWA MWOMBAJI

Wahenga wamesema, mtaka yote hukosa yote. Mkaazi anayetaka kujibiwa vyema na aziweke alama tano katika barua yake: jambo gani, mahali gani, kipindi gani, hati ya aina gani, na ofisi au cheo gani kinachohusika. Si lazima zote tano ziwepo, lakini kila moja inayoongezwa inapunguza saa za kutafuta.

Pili, kama hujui ofisi ina nini, omba orodha ya majalada kwanza. Orodha ni kurasa chache, inapatikana haraka, na inakupa macho ya kuona ndani ya kabati. Barua ya pili itakuwa na shabaha.

Tatu, uliza swali badala ya kuomba rundo. "Pampu ilinunuliwa lini, kwa bei gani, na iko wapi?" ni swali linaloweza kujibiwa kwa karatasi tatu. Pia ni vigumu zaidi kulikwepa kuliko neno "zote". Ofisi yenye jambo la kuficha hufurahi inapoletewa ombi pana, kwa kuwa inapata sababu halali ya kukataa. Ombi jembamba haliipi nafasi hiyo.

Nne, asiyejua kuandika asikate tamaa. Sheria ya Kenya inamtaka mtumishi amsaidie mwombaji asiyeweza kuandika, na aliweke katika maandishi ombi lililotolewa kwa mdomo. Aidha, ombi halikataliwi kwa sababu tu mwombaji hakutumia fomu maalumu. Hata pale ambapo sheria haikusema hivyo, utu na uungwana vinasema.

8. UZEMBE WA MASJALA USIWE NGAO

Limebaki jambo moja zito. Saa za kutafuta zinategemea jinsi majalada yalivyopangwa. Ofisi yenye rejesta, yenye namba za kumbukumbu zinazofuatana, na yenye mtunza masjala anayeijua kazi yake, itaipata hati kwa dakika kumi. Ofisi iliyorundika karatasi chini ya ngazi itaitafuta hati hiyo hiyo kwa siku kumi. Kwa kuwa makisio yanafanywa kwa hali ya nyaraka kama zilivyo, ofisi ya pili itakuwa na haki ya kukataa, na ya kwanza haitakuwa nayo. Hivyo sheria, bila ya kukusudia, inaweza kuulipa uzembe na kuiadhibu nidhamu.

Uingereza ililitambua tatizo hili, na ndiyo maana kifungu cha 46 cha sheria yake kimeagiza uwepo mwongozo wa utunzaji wa nyaraka. Kwetu sisi, wanaofika katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani wanaweza kusoma barua za Serikali zilizoandikwa zamani sana, kwa sababu waliokuwapo waliziweka kwa utaratibu. Ingekuwa aibu iwapo barua ya karne iliyopita itapatikana kwa urahisi kuliko hati ya mwaka jana.

Kwa hivyo kila mara ofisi inapokataa ombi kwa sababu ya wingi, mkuu wa ofisi ajiulize: Je, ni wingi wa taarifa au ni mchafuko wa majalada? Kama ni wingi, jibu limesimama. Kama ni mchafuko, ofisi inadaiwa, na deni hilo lilipwe kwa kupanga masjala kabla ombi la pili halijafika.

9. MAZOEZI

(i) Eleza tofauti kati ya kukataa ombi kwa sababu ya siri na kulikataa kwa sababu ya wingi. Kwa nini si vyema kuzichanganya sababu hizi mbili?

(ii) Mwananchi ameomba "mihutasari yote ya vikao vya kamati ya skuli". Andika maswali matatu utakayomuuliza kabla ya kumjibu.

(iii) Ofisi ina majalada 90. Ulipopima majalada 5, ulitumia saa 1 na nusu. Kisia saa zote zitakazohitajika. Je, ombi hilo lingepita chini ya kiwango cha saa 24? Na chini ya kiwango cha Jersey? Kama halipiti, utamshauri nini mwombaji?

(iv) Chukua barua ya ombi iliyomo katika sehemu ya 5, uiandike upya kwa kutumia alama tano zilizotajwa katika sehemu ya 7.

Watumishi wanaombwa kuyajadili maswali haya katika vikao vyao vya idara, na wakaazi kuyajadili katika shehia zao. Taarifa ya umma ni amana iliyowekwa mikononi mwa ofisi. Anayeiomba asiiombe kwa namna ya kumlemea aliyeihifadhi, na anayeihifadhi asisahau ni ya nani.